Kumpiga makofi si kumpigia makofi: kitenzi "piga" kinavyofanya kazi

Chukua sentensi ya kawaida ya habari za bungeni Dodoma: "Wabunge walimpigia makofi waziri." Sasa toa irabu moja tu: "Wabunge walimpiga makofi waziri." Sentensi ya kwanza ni ya pongezi. Ya pili ni kesi ya polisi. Taarifa Rasmi za Bunge zinaikwepa hatari hii, kwa sababu ndani yake huandikwa tu "Makofi" kwenye mabano, au "Makofi/Vigelegele" ukumbi ukichangamka, bila kitenzi chochote. Mwandishi wa gazeti, mtangazaji na mkalimani hawana nafuu hiyo. Wao lazima waseme nani alimfanyia nani nini, na hapo ndipo "piga" huwaponyoka.

Ni kitenzi kifupi, na mtoto hukijua kabla hajaanza shule. Labda ndiyo maana hatukifundishi ipasavyo. Darasani mwanafunzi hupewa nahau za kukariri: piga moyo konde, piga chuku, piga vijembe. Akitoka nje anakuta watu wanapiga pasi, deki, kura, simu, picha, mswaki, lipu, honi, mnada, doria, soga, kambi na miayo, na hakuna aliyemwambia kwamba orodha hiyo ina mpangilio. Mpangilio upo. Ila hauonekani kwa kuhesabu maana za "piga", maana hesabu hiyo haina mwisho. Unaonekana ukiitazama nomino inayofuata na kuuliza inafanya kazi gani: je, ni kitu kinachotumika kumfikia mwingine, au ni kitu kinachozaliwa na tendo lenyewe?

Tuanze na nguo. Mtu akisema "nimelipiga pasi", hiyo "li" ni ya shati. Shati ndilo linalotendwa. Pasi ni chombo, ingawa hakuna "kwa" wala "kwa kutumia" mbele yake. Geuza sentensi uone: "Shati limepigwa pasi" ni Kiswahili safi. "Pasi imepigwa shati" haisemeki. Kwa hiyo katika "piga pasi" kuna nafasi ya mtu au kitu cha tatu, na nafasi hiyo ni ya moja kwa moja, bila "i" ya kutendea, ile inayogeuza "piga" kuwa "pigia".

Kundi hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mpira unapigwa teke, mwizi anapigwa risasi, mbao inapigwa randa na kisha msasa, sakafu inapigwa deki. Kote humo kilichopigwa ndicho kinachobeba kiambishi cha yambwa, yaani cha kinachotendwa, na chombo kinakaa nyuma bila kiunganishi. Sasa ona jinsi mtindo huo unavyobaki hata chombo kikiwa hakishikiki. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Mifuko "imepigwa marufuku", sawasawa na shati lililopigwa pasi; marufuku hayana mpini, lakini sarufi inayachukulia kama chombo. Rushwa "inapigwa vita" kwa mtindo uleule. Na watumishi wanaoitwa semina katika kumbi za Dodoma "wanapigwa msasa", usemi uliotoka karakana ya seremala moja kwa moja hadi kwenye barua za ofisi, na haukubadilisha hata kiambishi kimoja njiani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni chapa. Mfugaji wa Chamwino au Kongwa akipiga chapa ng'ombe, chuma cha moto kinagusa ngozi na alama inabaki. Cheo cha Mpigachapa Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake huchapa Gazeti la Serikali, kimejengwa kwa maneno hayohayo mawili. Ng'ombe amepigwa chapa, sheria imepigwa chapa. Anayefasiri akidhani kuna "piga chapa" mbili tofauti anajiongezea kazi. Ni moja, kilichobadilika ni kinachopigwa.

Kundi la pili ni la vitu vinavyozaliwa na tendo. Kura haipo mpaka ipigwe. Mstari haupo mpaka upigwe. Simu, kelele, mluzi, vigelegele, hema la kambi, hatua, vyote hivi ni matokeo. Hapa nomino yenyewe ndiyo yambwa, kwa hiyo inaweza kuingia ndani ya kitenzi na inaweza kuwa kiima cha kauli ya kutendwa: "Kura nimeipiga asubuhi", "Kura zimepigwa kwa siri", "Hatua kubwa imepigwa". Nafasi ya moja kwa moja imeshajaa. Mtu mwingine akitaka kuingia kwenye sentensi lazima apitie kauli ya kutendea: kumpigia simu, kumpigia kura, kumpigia kelele, kumpigia debe.

Hapo ndipo kosa la "alinipiga simu" linapotokea. Sentensi hiyo inamweka msemaji mahali pa shati, na simu mahali pa pasi; kwa maneno mengine, alirushiwa simu ikampata. Kwa ndugu mnaozungumza hakuna atakayeuliza. Katika maelezo ya shahidi yanayoandikwa kituoni, tofauti kati ya "alinipiga simu" na "alinipigia simu" inaweza kuhamisha shauri zima.

Muziki nao ni wa kundi hili, na unaonyesha wazi kwamba kupiga si lazima kugonge. Ngoma ya muheme wanayopiga akina mama wa Kigogo inapigwa kweli, kwa mikono. Lakini zeze la Kigogo linakwaruzwa kwa upinde, marimba yanabonyezwa kwa vidole gumba, na filimbi inapulizwa. Kiswahili kinasema vyote vinapigwa. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeufikisha muziki wa nyumbani kwao kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003, alipiga zeze na alipiga marimba. Kinachohesabika hapo ni sauti kuzaliwa. Na tusichanganye: anayepiga ngoma ametoa mlio, anayecheza ngoma ametikisa mwili. Waandishi wanaozoea Kiingereza huandika "anacheza gitaa", wakimaanisha anapiga, na msomaji wa Kiswahili anabaki akijiuliza gitaa linachezwaje.

Kundi la tatu nitalipitia haraka kwa sababu halina mgogoro. Ni yale yanayotoka mwilini mwa mtu na kuishia kwake: kupiga chafya, miayo, mbizi. Hakuna anayesema "chafya ilipigwa na mjomba" isipokuwa kwa utani, na hakuna wa tatu wa kuingizwa. Kitenzi na nomino vimeshikana kiasi kwamba vinafanya kazi kama neno moja. Magoti yako mpakani: mtu anapiga magoti mwenyewe, lakini pia anaweza kumpigia mwingine magoti, akimsihi.

Sasa turudi kwenye makofi. Neno hili linatuponyoka kwa sababu linakaa katika makundi mawili. Kofi kama chombo hutua shavuni kwa mtu: "alimpiga kofi". Makofi kama sauti huzaliwa viganja vikikutana: "walipiga makofi". Mtu aliyepigwa kwa kofi ni wa nafasi ya moja kwa moja. Mtu anayepongezwa kwa sauti hiyo lazima apitie "i". Mizinga iko vivyo hivyo, na huko kosa ni zito zaidi. Katika sherehe za kitaifa "mizinga 21 ilipigwa", na "Rais alipigiwa mizinga 21". Mtaani, "kumpiga mtu mzinga" ni kumwomba fedha bila haya: "Leo nimepigwa mzinga wa elfu kumi." Mzinga wa jeshi ni wa kundi la pili, mzinga wa mtaani ni wa kundi la kwanza, na sarufi inavitenganisha bila msaada wa mtu yeyote.

Pasi ina maisha matatu. "Amelipiga pasi" ni habari ya shati. "Amempigia pasi mshambuliaji" ni habari ya uwanja wa Jamhuri, ambako pasi ni mpira unaozaliwa mguuni na kumfikia mwenzako, kwa hiyo "i" inahitajika. Na mwanafunzi wa chuo aliyeishiwa akisema "leo tunapiga pasi ndefu", anamaanisha ataruka mlo na kusubiri wa jioni. Hapo hakuna yambwa ya kuingizwa popote. Ukikutana na kifungu kipya cha "piga" usichokijua, kipitishe kwenye sentensi tatu. Kwanza mtie mtu moja kwa moja: "amempiga…" Je, inasemeka, na bado ina maana uliyoisikia? Pili ifanye nomino iwe kiima: "… imepigwa". Tatu tia "i": "amempigia…" Kifungu kikikubali ya kwanza na kukataa ya pili, ni cha kundi la pasi. Kikikubali ya pili na ya tatu na kukataa ya kwanza, ni cha kundi la kura. Kikikataa ya kwanza na ya pili, ni cha chafya. Kikikubali zote tatu, kama "picha", tulia kidogo: "amempiga picha mtoto" ni mtoto kuonekana pichani, "picha imepigwa" ni picha kutokea, na "amempigia picha mtoto" ni kumfanyia mtoto kazi hiyo, pengine pichani kukiwa na mbuzi wake tu.

Hiyo "i" ya kutendea inafaa kuangaliwa peke yake, maana haina kazi moja. Inamleta anayeelekezewa: kumpigia simu. Inamleta anayefaidika: kumpigia debe mgombea. Debe hapo lilikuwa bati la kweli, lililogongwa ili watu wageuke. Leo mpigadebe wa stendi ya Nanenane hashiki bati lolote, anatumia koo, lakini "i" imebaki mahali pake. Inaleta pia mahali na kifaa: "kituo cha kupigia kura", "chumba cha kupigia picha", "uwanja wa kupigia kambi". Na inaleta kitu kinachoguswa na matokeo: "kupiga mstari" ni kuuchora popote, "kupigia neno mstari" ni kuuchora chini ya neno hilo. Ndiyo sababu karatasi za mitihani husema "maneno yaliyopigiwa mstari". Mwalimu anayeandika "maneno yaliyopigwa mstari" amewaambia wanafunzi kwamba maneno yamekatwa, na kuna watakaoyaruka.

Tatizo huja kazi mbili zikikutana mahali pamoja. "Juma alimpigia kura bibi yake." Bibi aligombea, au bibi haoni vizuri na Juma alimsaidia kituoni? Sarufi inaruhusu zote mbili. Kwa kuwa kura ni jambo la sheria, usiiachie sarufi: andika "alimchagua bibi yake" au "alipiga kura kwa niaba ya bibi yake". Muswada nao "unapigiwa kura" bungeni, wala si kwamba unapendelewa. "I" hapo inaonyesha jambo linalohusika tu, na matokeo yanaweza kuwa ndiyo au hapana.

Ukiiongeza "i" ikawa "pigilia", tendo linakuwa la kurudia na kushindilia. Msumari unapigiliwa. Sakafu ya udongo inapigiliwa mpaka ikaze. Gazeti likisema fulani "amepigilia msumari wa mwisho", nyundo haijaanguka mara moja.

Kuna jozi nyingine inayosumbua: pigana na pigiana. Watu wakipigana wanaumizana. Wakipigiana simu wanajuliana hali. Kwa kuwa simu ni ya kundi la pili, kauli ya kutendana haiwezi kuja bila "i" kutangulia, kwa hiyo "tumekuwa tukipigana simu" ni kosa. "Tulipigana picha", kinyume chake, ni sahihi kabisa: kila mmoja alimpiga mwenzake picha. Vita navyo vinataka umakini. "Kupigana vita" ni kuingia vitani. "Kupiga vita" jambo ni kulipinga. Nchi mbili zinapigana vita, lakini ofisi inapiga vita rushwa, maana rushwa haina silaha ya kurudisha.

Kauli ya kutendwa ina mtego wake, na mtego huo ni herufi mbili: "na". Mkulima wa zabibu wa Hombolo akisema "zabibu zimepigwa dawa", mwenye tendo ni yeye au kibarua wake. Akisema "zimepigwa na jua", mwenye tendo ni jua. Baada ya "pigwa", nomino isiyo na "na" ni chombo. Yenye "na" ni mtenda. Ndiyo maana tunasema amepigwa risasi, amepigwa shoti, lakini amepigwa na radi, amepigwa na baridi, amepigwa na butwaa. Katika ripoti za hospitali na polisi hukosi kuona "alipigwa na rungu". Rungu halitembei. Ni "alipigwa rungu" au "alipigwa kwa rungu", na kama mtenda anajulikana, "na" ihifadhiwe kwa ajili yake.

Nikiwa bado shambani, kuna "kupiga bomba". Mkulima akisema "nimepiga bomba nne", bomba limeacha kuwa chombo na limekuwa kipimo: pampu nne za mgongoni zilizojaa. Lugha inaruhusu, lakini kipimo hicho hakina ukubwa mmoja. Pampu za mgongoni zipo za lita 15, za lita 16 na za lita 20. Maelekezo ya mdomo yakiwa "gramu 40 kwa bomba", mwenye pampu ya lita 16 anapata gramu 2.5 kwa lita, na mwenye ya lita 20 anapata gramu 2 kwa lita. Huyo wa pili dawa yake imepungua nguvu kwa sehemu moja ya tano, na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ukirudi atalaumu duka. Yeyote anayeandika kipeperushi cha kilimo na aandike lita, kisha aweke bomba pembeni kama anataka kueleweka haraka.

Kwa nini kitenzi hiki kimekusanya kazi nyingi hivi? Sababu kubwa ni kwamba kinabeba mizigo ya nomino za kigeni. Nomino ngeni ikiingia, haiji na viambishi vya nafsi na njeo. "Piga" inavibeba: amepiga honi, atapiga breki, tukipiga jeki, asipige starti. Fundi wa magari hahitaji kuunda kitenzi kipya kwa kila kipuri. Mlango huu haufunguki kwa kila neno, hata hivyo. Meseji hatuipigi, tunaituma, kwa sababu inasafiri kutoka mkono hadi mkono kama barua. Na "kubipu" kumepata kitenzi chake chenyewe.

Simu ina historia inayofaa kukumbukwa. Neno lenyewe limetoka Kiajemi, ambako "sim" ni waya. Waya wa kwanza ulikuwa wa telegrafu, na ujumbe wake ulitumwa kwa opereta kugonga kifaa kwa kidole, nukta na mstari. Kupiga simu kulikuwa na kipigo ndani yake kabla hakujawa na sauti ya mtu ndani yake. Waya ukaja ukatoweka, vitufe navyo vikatoweka, leo kidole kinapapasa kioo tu, kitenzi hakijasogea.

Kiajemi chenyewe kina kitenzi "zadan", maana yake kupiga, na matumizi yake yatamshangaza Mswahili. "Telefon zadan" ni kupiga simu. "Mesvak zadan" ni kupiga mswaki. "Lagad zadan" ni kupiga teke. Hata kuongea ni "harf zadan", kupiga herufi. Ni rahisi kukimbilia kusema tumeazima. Lakini Kilingala, lugha ya Kibantu iliyokulia kwenye mto Kongo, nacho husema "kobeta ndembo", kupiga mpira, kwa maana ya kucheza kandanda. Kitenzi cha kupiga ni chepesi kubebeshwa mzigo popote, kwa kuwa tendo lenyewe ni la ghafla, lina mwanzo na mwisho, na linaacha alama au sauti.

Kiingereza kimefanya jambo la namna hiyo kwa njia nyingine, na hapo ndipo wanafunzi wetu hujikwaa wakifasiri. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, kitenzi "set" ndicho kilichopewa maelezo marefu kuliko vyote. Kazi ya kuiandika upya ilipofika herufi R, "run" ikakipiku, ikiwa na maana 645 kwa upande wa kitenzi peke yake. Lakini Kiingereza hutenganisha nyingi ya maana hizo kwa kijineno kinachofuata kitenzi: "set up", "set off", "run out", "run over". Sisi hutenganisha kwa nomino na kwa kauli za kitenzi. Kwa hiyo mwanafunzi anayekariri kwamba "piga" ni "beat" ataandika kwamba amepiga picha kwa kuichapa. Na anayetoka upande wa pili hutuletea "kuchukua picha". Kiswahili kina usemi huo, ila maana yake ni kwenda studio kuichukua picha iliyokwisha kusafishwa. Kwenye harusi, anayechukua picha na anayepiga picha ni watu wawili, na mmoja wao anaweza kuwa mwizi.

Mtaani "piga" imekwenda mbali zaidi: imeanza kuacha nomino kabisa. "Wamepiga" peke yake, kwenye mazungumzo ya fedha za umma, maana yake wameiba. "Nimepigwa" kwenye mnada wa Msalato au kwenye duka la vipuri, maana yake nimelanguliwa. Ukitaja kiasi, sarufi ni ileile ya kundi la kwanza: "Amenipiga laki mbili", msemaji akiwa ndiye shati. "Amepigika" ni mtu ambaye maisha yamembana. Na "kuipiga bei" mali ni kuiuza, wakati "kupigwa bei" ni kuuziwa kwa bei isiyo ya haki. Anayechanganya hizo mbili anamgeuza muuzaji kuwa mnunuzi.

Matumizi haya yameshatia doa nomino zake. Zamani "mpigaji" alikuwa mtu yeyote anayepiga. Sasa, likisimama peke yake, linasikika kama "mwizi wa fedha za ofisi", na "upigaji" ni ubadhirifu. Kwa sababu hiyo, kwenye cheti cha shukrani cha kikundi cha ngoma, usiandike "mpigaji bora". Andika "mpiga ngoma bora". "Mpiga" bila "ji" hukataa kusimama peke yake, hivyo kazi halisi huonekana mara moja: mpiga gitaa, mpiga picha, mpiga mbizi. Watu hubishana kama maneno hayo yaandikwe pamoja au mbalimbali. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linaandikwa kwa maneno mawili, na "mpigakura" la neno moja nalo limeenea. Mimi naona neno moja linafaa pale linapotaja cheo au kundi la watu kisheria, na maneno mawili pale linapoeleza tu anachofanya mtu wakati huo. Lililo muhimu zaidi ni kutochanganya katika andiko moja.

Kwa wanaotunga kamusi na orodha za msamiati, ombi langu ni kwamba kila kifungu kiwekwe chini ya nomino yake, hata kama kimetajwa pia chini ya "piga". Anayetafuta "piga msasa" anachokijua na anachokitilia shaka ni msasa. Kisha kitolewe na viambishi vyake: chini ya msasa, "-m/-ki-piga msasa", chini ya kura, "-piga kura, -mpigia kura", chini ya makofi zote mbili, kila moja na mfano wake, ili mwandishi kijana wa redio ya Dodoma anayesubiri kusoma habari ya saa saba aone kwa macho kwamba waziri wake hakuumizwa.